Umesikia Nini, Mama Riziki?

Juzi nilipopanda ngazi za kibanda chenu kuwasalimia, mlinipa kiti, mkanipa soda, mkanionyesha simu mnayotumia siku hizi kutangaza. Mnaandika, mnabonyeza, na kundi zima la wauzaji linapata habari kabla sijameza funda moja. Nikawauliza, "Na huwa mnashuka?" Mkatazamana. Yule wenu mrefu mwenye kofia akasema, "Jajja, bibi yetu, tushuke kufanya nini? Zile tiki mbili za bluu zinatosha." Mkacheka, nami nikacheka nanyi, nikamaliza soda yangu, nikarudi nyumbani nimenuna.

Sasa nimepoa kidogo, ndiyo maana nawaandikia.

Nimetangaza katika kizindalo, hiki kibanda cha vipaza sauti cha soko letu, hapa nyuma ya Kalerwe, tangu sina mvi hata moja hadi magoti yalipokataa kuzipanda zile ngazi kila siku. Ninyi mmezikuta zile pembe nne za sauti juu ya mlingoti zimeshika kutu, mnazitumia Jumapili tu. Zamani ndizo zilikuwa redio yetu, simu yetu na gazeti letu. Maji yakikatwa, tunatangaza. Mbuzi akionekana anakula kabichi za watu, tunatangaza. Mtu akifiwa, tunatangaza. Na mimi nilikuwa na sauti, wanangu. Nisiwafiche kwa unyenyekevu wa bure: ilikuwa sauti nzuri kweli.

Kazi nilipewa kwa sababu ya Kiswahili. Baba yangu alikuwa sajini, mtu wa kaskazini, na mimi nilikulia kambini. Kule Mwacholi na Mlugbara, Mkristo na Mwislamu, wote tulikutana kwenye Kiswahili, hata kugombana tuligombana nacho. Mwenye kizindalo, Mwalimu Kizito, alikuwa Muganda aliyestaafu kufundisha Kiingereza. Alitangaza kwa Luganda hadi watu wakaacha kupima viazi wamsikilize, lakini Kiswahili kilimpiga chenga maisha yake yote. Na wakati ule Wakongo walikuwa wameanza kuwa wengi sokoni, pamoja na madereva wa malori kutoka Kenya, na hao Luganda kiliwapita juu ya vichwa. Akanitafuta mimi.

Siku yangu ya kwanza nilikaribia kulifunga soko. Mfereji ulikuwa unasafishwa, na nilipewa karatasi niwaambie wenye vibanda vya kandokando wasogeze mali zao. Nikavuta pumzi, nikatoa kifua kama nilivyomwona baba akifanya, nikasema, "Wote wenye vibanda kando ya mfereji, mnaagizwa kuondoa mali zenu mara moja!" Kiswahili safi, kila herufi mahali pake. Nilipochungulia dirishani, watu wanatimua mbio. Mama mmoja kabeba meza na nyanya zake zote kichwani. Mkaanga chapati kaacha chapati inaungua. Kwa watu wazima wa Kampala, Kiswahili kikitoka kwenye kipaza sauti kilikuwa ni cha wanajeshi, na wanajeshi hawakuwa wanakuja kusalimia.

Mwalimu Kizito alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanishika mkono, tukashuka. Akamwendea mchukuzi wa magunia aliyejibanza nyuma ya lori, akamuuliza, "Ssebo, bwana, umesikia nini?" Yule akasema kuna msako. Tukamuuliza fundi cherehani, akasema vita vimerudi. Tukamuuliza mama wa nyanya, akasema, "Banange, miye sijui, lakini nafunga vitu yangu." Hakuna hata mmoja aliyetaja mfereji. Tangu siku hiyo sokoni nikaitwa Afande, na mpaka leo wapo wasiojua kwamba jina langu ni Akello.

Tuliporudi juu, Mwalimu akachukua chaki. Pale ukutani palikuwa na ubao mdogo wa kuandikia matangazo ya siku, akaandika maneno mawili ya Kiingereza: get across.

"Wewe nasema mzuli sana, kweri," akaniambia. "Lakini haifiki."

Akanieleza, na mimi nawaeleza kama alivyonieleza, maana hamtaipata kwenye simu zenu. Waingereza wana namna nyingi za kusema kwamba mtu amesema. Unaweza kusema "I told them" hata kama uliongea na ukuta, na hakuna atakayekuita mwongo. Lakini "I got it across" ni neno la mtu aliyekwisha kuhakikisha. Maana yake, wazo lililokuwa kichwani mwangu sasa limo kichwani mwa mwenzangu, zima, lile lile. Ndiyo maana, alisema, Mwingereza hulitumia zaidi anapolalamika: nimejaribu, nimejaribu, lakini I couldn't get it across. Anakubali kwamba maneno yalitoka, ila jambo lilibaki kwake. Mwalimu aliongea hivyo huku akipangusa chaki kwenye suruali, na mimi nikaona anatia chumvi. Nilikuwa bado nafikiri kosa ni la waliokimbia.

Lakini ile kazi ya kushuka ikawa sheria yetu. Kila tangazo kubwa, ukimaliza zima kipaza, teremka, tafuta watu watatu, waulize: umesikia nini? Usiwaulize kama wamesikia, maana kila mtu atasema ndiyo, kwa adabu tu. Waache wakuambie wao. Wakikuambia kitu kingine, usiwabishie, panda ngazi ukaseme upya kwa njia nyingine.

Kushuka kulinifundisha mengi. Kipaza kiwe ngumi moja kutoka mdomoni, ukikisogeza karibu zaidi unawatemea watu mate masikioni. Mvua ikigonga mabati, nyamaza, utajichosha. Lori la matoke likiingia, subiri lizime. Anza na nani anahusika, kisha wapi, kisha nini, maana mtu hatulii mpaka ajue kama ni yeye. Na neno kubwa usiliweke mwishoni. Mwalimu mwenyewe, na ustadi wake wote, alitangaza siku moja kwamba kesho kuanzia saa sita maji ya bomba yatakatwa, na lori likanguruma pale pale penye kukatwa. Kesho yake saa sita watu wamejipanga na majerikeni yao kwenye bomba kavu, wanamtaja mama yake. Alishuka kuwaomba radhi mmoja mmoja. Nilimcheka wiki nzima.

Kwa matangazo ya Kiswahili nilikuwa na mtu wangu wa kumuuliza, Mama Riziki. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mwembamba, mwenye kitenge kilichofungwa barabara hata siku za tope. Aliuza mukene, wale dagaa wadogo waliokaushwa, na kibanda chake kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mlingoti. Mume wake alikuwa mpakiaji wa samaki kule Ggaba, ziwani. Mimi nilimjua kwa jina la Baba Riziki tu, na nilimwona Jumapili Jumapili akija kumsaidia mkewe kufunga magunia. Mama Riziki alikuwa na kichwa cha ajabu. Nikishuka nikamuuliza, "Umesikia nini, Mama Riziki?" alikuwa anasawazisha kikombe chake cha kupimia mukene kwa kidole na kunirudishia tangazo langu neno kwa neno, halafu anaongeza, "Leo umekimbiya sana, Afande. Sema pole-pole." Tukawa marafiki. Nilikula ugali kwake, na binti yake Riziki alijifunza kutembea akishikilia sketi yangu.

Sasa nafika pale nilipokuwa sitaki kufika.

Ilikuwa asubuhi. Mwalimu alikuwa amekwenda mjini, Nakasero, kutafuta kipuri cha amplifaya, nami nilikuwa peke yangu. Akaja kijana wa boda boda, hakuzima hata pikipiki, akanipa karatasi kupitia dirishani. Iliandikwa kwamba Deogratias Bisimwa, mpakiaji wa Ggaba, ameanguka kazini asubuhi hiyo na kufariki, na jamaa wakutane nyumbani kwa kiongozi wa kanisa lao. Yule kijana akapaza sauti juu ya mlio wa injini, "Wamesema mke wake anauza hapa hapa. Mumtafute." Akaondoka.

Mumtafute. Nimelirudia neno hilo mara ngapi, Mungu anajua. Nikajiambia, nimtafute kwa miguu ya nini, na hapa juu nina pembe nne? Kumtafuta mtu sokoni ndiyo kazi ya kizindalo. Basi nikanywa maji, nikaweka kipaza ngumi moja. Nikaanza na nani, nikaja na wapi. Jina nilisema mara mbili, taratibu. Hakuna lori lililonguruma, hakuna mvua. Wanangu, lilikuwa tangazo bora kuliko yote niliyowahi kutoa.

Nikazima kipaza, nikateremka kama ilivyo sheria, na nikaenda kwa mtu wangu. Nilikuwa natabasamu. Nilikuwa najisikia fahari kwa kazi nzuri. Nikasimama mbele ya kibanda chake nikasema, "Umesikia nini, Mama Riziki?"

Mbele yake palikuwa na mteja. Alisawazisha kikombe kwa kidole, akammiminia yule mteja kwenye mfuko, akaufunga. Kisha akanitazama.

"Umesema Deogratias Bisimwa, wa Ggaba, alianguka kazini leo asubuyi, alikufa. Jamaa wakutane kwa nyumba ya kiongozi wa kanisa." Hakukosea hata neno. "Hiyo Deogratias ni bwana yangu. Ni Baba Riziki."

Bado alikuwa ameshika kile kikombe. Nilisimama pale kama gogo mpaka wanawake wenzake wa Kikongo walipokuja wakikimbia, wakamkalisha chini, na mmoja wao akanisukuma pembeni kwa kiwiko. Alikuwa na haki ya kunisukuma.

Msibani nilikwenda. Nilikuwa nimejiandaa, nikampigia magoti mbele ya watu, nikasema namwomba radhi kwa dhati ya moyo wangu kwa uzembe wangu mkubwa, na mengine ya namna hiyo, yote ya Kiswahili kizuri. Akaitikia, "Aksanti." Basi. Aliporudi sokoni baada ya maombolezo, aliomba kubadilishana kibanda na mtu wa mwisho kabisa, kule kwenye mfereji, ambako pembe zinaangalia kwingine na sauti inafika imechoka. Hakuninunia. Nikimsalimia aliitika vizuri, na bado alimwacha Riziki aje kwangu. Ila nikishuka na swali langu, alikuwa na jibu moja tu: "Miye sikusikia."

Ilikuwa hivyo mwaka ule, na uliofuata, na mwingine. Kulala nililala, kula nilikula, lakini sauti yangu niliichukia. Nikikishika kipaza naona kile kikombe.

Siku moja nikamlalamikia Mwalimu Kizito. Nikamwambia nimeshaomba radhi mbele ya watu, anataka nini zaidi? Alikuwa amezeeka kufikia hapo, chaki inamtetemeka mkononi. Hakuandika kitu. Alinyoosha kidole tu kwenye ubao, kwenye yale maneno mawili ambayo hatukuwahi kuyafuta.

"Wewe naomba msamaha, ndiyo," akasema. "Wewe natangaza msamaha. Lakini imefika kwake?"

Nilikasirika, nikashuka ngazi kwa kishindo. Nilipofika chini nikalia, kwa sababu mzee alisema kweli. Ile pole yangu niliisema kwa sauti ile ile iliyomuua mumewe masikioni mwake. Niliipanga vizuri, nikaanza na nani, nikataja jina mara mbili. Ningekuwa mimi ndiye Mama Riziki, nami ningehamia mferejini.

Basi nikaacha kumsemesha juu ya jambo hilo. Nikabadili kazi tu. Tangu hapo karatasi ya msiba ikifika, kipaza hakiguswi. Kwanza namuuliza aliyeileta: huyu ni wa nani hapa sokoni? Kisha nashuka, kwa miguu yangu, nimtafute huyo mtu. Akiisha kujua, akiisha kuzungukwa na watu wake, ndipo napanda. Watu walinung'unika kwamba Afande siku hizi anachelewesha habari. Niliwaacha wanung'unike.

Karatasi ya kwanza chini ya sheria hiyo ilikuwa ya Nnalongo, muuza matoke. Kaka yake alikuwa amefariki kijijini. Nnalongo alikaa kibanda cha mwisho cha kushoto, akitazamana na Mama Riziki. Niliteremka bila karatasi mkononi, nikatembea soko lote. Saa ile haikuwa saa yangu ya kushuka, na hapakuwa na tangazo lililotangulia.

Mama Riziki aliniona nikija. Alinitazama usoni, akatazama ninakoelekea, akaweka kikombe chake chini. Kabla sijafungua mdomo alikuwa amevuka, amechuchumaa karibu na Nnalongo aliyekuwa anamenya matoke, akakitoa kisu mkononi mwake polepole, kama anayekiazima. Akavuta kigoda akamkalisha. Ndipo akaniinulia kichwa: sema.

Nikasema. Nilisema kwa sauti ya chini, kwa Luganda changu kibovu, nimeshika goti la Nnalongo. Nusu ya maneno yalinikwama. Mama Riziki alimshika kwa upande wa pili mpaka dada zake walipokuja wakamchukua.

Tukabaki wawili, na yale matoke yaliyomenywa nusu. Akaokota kile kisu, akakipangusa kwa kitenge chake.

"Kwanza utoe kile anashika," akaniambia, akihesabu kwa vidole kama anafundisha mtoto. "Kisu, kikombe, hata mtoto. Kiisha umukalishe. Kiisha useme jina. Jina moya tu, usirudiye."

Nikasema nimeelewa.

"Uliza sasa," akasema.

"Niulize nini?"

"Ile swali yako."

Sikuweza. Akanisubiri, akaona siwezi, akajibu hivyo hivyo bila kuulizwa.

"Nimesikia pole," akasema. "Leo nimeisikia."

Akarudi kwenye mukene wake. Kibanda hakuhamisha tena, alisema amezoea ubaridi wa kule mferejini. Lakini tangu siku ile karatasi ya msiba ikija tulishuka wawili. Mimi nilibeba neno, yeye aliondoa kilichoshikwa. Tumetoa mikononi mwa watu visu, mizani, sindano za cherehani, simu, na siku moja jogoo aliye hai. Mwalimu Kizito mwenyewe alipotutoka, ni Mama Riziki aliyekuja kwangu. Alinikuta nimeshika kipaza. Alikizima, akakitoa mkononi mwangu, akanikalisha kwenye kiti chetu kibovu, na hapo nikajua kabla hajataja jina.

Kwa hiyo msiniambie tiki mbili za bluu. Hizo zinawaambia kwamba simu imefunguliwa. Haziwaambii aliyeifungua alikuwa ameshika nini, wala kama alikuwa amesimama kando ya mafuta ya moto. Wiki iliyopita mliandika habari ya msiba kwenye kundi lenu, na nimeambiwa mwenye msiba aliisomea juu ya boda boda, njiani. Sitawagombeza. Mimi nilifanya vibaya zaidi, na mimi nilishuka nikiwa natabasamu.

Tangazeni kwa simu, tangazeni kwa chochote kitakachokuja. Pembe hizo zikianguka kwa kutu sitalia. Ila kuna jambo moja nawaomba, na nikipanda tena hizo ngazi nitawauliza mmesikia nini.

Mama Riziki bado anauza mukene kibanda cha mwisho, kule mferejini. Macho yamepungua, lakini kikombe bado anakisawazisha kwa kidole. Siku karatasi itakapowafikia yenye jina langu, acheni simu, acheni kipaza. Shukeni. Mtoeni kile kikombe mkononi, mkalisheni, kisha mseme Akello, mara moja tu.